Kikokotoo cha mchujo wa NFL kisicho na kitufe cha sare

Natoa nyota tatu, tena kwa shingo upande. Programu hii ya kubashiri nani anatinga mchujo (mechi za mtoano za mwisho wa msimu) wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, inakwenda vizuri msimu mzima, halafu inakuangusha wiki ya 18, ya mwisho kabla ya mchujo, wiki yenyewe uliyoilipia. Kila mechi ina vitufe viwili tu: mwenyeji kashinda, mgeni kashinda. Sare haipo. Nimeitafuta kwenye mipangilio, toleo la bure na la kulipia, hakuna kitu.

Asiyefuatilia atauliza sare ina uzito gani kwenye ligi ambayo misimu mingine inaisha bila sare hata moja. Uzito wake ni kwamba inahesabiwa nusu ushindi na nusu kipigo, hivyo mwenye 9-7-1 (ushindi, vipigo, sare) anakaa juu ya mwenye 9-8 moja kwa moja, bila hata kufika kwenye vigezo vya kuwatenganisha waliolingana. Msimu wa 2021 Steelers walitoka 16-16 na Lions ambao walikuwa hawajaonja ushindi, na watu wakawazomea. Nusu ile ndiyo iliyokuja kuwaweka Steelers juu ya Colts na Chargers.

Na siku ya mwisho ya msimu huo huo sare nyingine ilikaribia kuwatupa nje. Jaguars waliwachapa Colts 26-11, Steelers wakawafunga Ravens 16-13 kwenye muda wa nyongeza, ikabaki mechi ya usiku kati ya Raiders na Chargers. Yeyote akishinda, Steelers wamefuzu. Wakitoka sare, timu tatu zinalingana 9-7-1, na kwa kuwa Raiders na Chargers wote walikuwa wamewafunga Steelers msimu ule, wanaingia hao wawili. Mechi ikaisha muda wa kawaida 29-29, ikafika 32-32, ikaja kuamuliwa na teke la Daniel Carlson la yadi 47 saa inakwisha. Raiders 35, Chargers 32. Sasa iweke mechi hiyo kwenye programu hii: Steelers wanasomeka asilimia 100 kabla mpira haujaanza! Hiyo namba ni uongo, na shabiki aliyelipa anauziwa.

Niliwaandikia huduma kwa wateja, nikawaeleza mfano huo hatua kwa hatua. Jibu lilikuwa mstari mmoja: sare ni nadra, chagua mshindi. Hakuna salamu, hakuna asante, hakuna ahadi kwamba litafikishwa kwa mafundi. Mteja anakuletea kosa likiwa limeshachambuliwa, wewe unamfukuza kama kaja kuomba. Nimekereka sana, na sitaki kulipunguza.

Najua hesabu inapanuka. Mechi 16 za wiki ya mwisho kwa matokeo mawili mawili ni njia 65,536. Ukiingiza sare zinakuwa 43,046,721. Lakini hakuna aliyewaomba wazipige zote. Mtumiaji aachiwe tu aweke sare kwenye mechi anayoitaka, basi.

Kwa haki, msimamo wake unasomeka vizuri, na matokeo yakiingia unabadilika papo hapo. Zikiwa zimebaki wiki tano au sita asilimia zake si mbaya. Kwa hilo pekee ningeziacha zile nyota tatu.

Ila baada ya jibu lile nikaanza kupima na vigezo vya kuwatenganisha waliolingana, na hapo ndipo nyota zilipoanza kuporomoka. Jaribu mwenyewe. Timu A, B na C zimelingana zikigombea nafasi mbili za waildikadi, yaani nafasi za mchujo za wasioongoza kanda zao (kanda ni kundi la timu nne). A na B ni wa kanda moja, na A kamfunga B mara zote mbili. C hajakutana na yeyote kati yao. Ndani ya konferensi, yaani nusu yao ya ligi, ambako kila timu hucheza mechi 12, B ana 8-4, C ana 7-5, A ana 6-6. Programu inawapanga kwa rekodi hiyo: B na C ndani, A nje.

Kanuni inasema vingine kabisa. Kwanza wa kanda moja wanatenganishwa wenyewe, na kigezo cha kwanza ni walipokutana: A anapita mbele, B anakaa pembeni. Kisha A anapimwa na C. Hawajakutana, kwa hiyo inatazamwa rekodi ya konferensi, na C anachukua nafasi ya kwanza. Nafasi ikishajazwa hesabu inaanza upya kabisa, B anarudi mezani, anakutana tena na A, na A anamshinda kwa kile kile kigezo cha walipokutana. Wanaoingia ni C na A. Yule ambaye programu imemweka kileleni ndiye anayebaki nyumbani.

Asilimia zenyewe za wiki ya 18 nazo zisikudanganye, maana zinatazama rekodi bila kujali nani atashuka dimbani. Msimu wa 2024 Chiefs waliingia mechi ya mwisho wakiwa 15-1, nafasi ya kwanza ya AFC (moja ya konferensi mbili) wameshajihakikishia, hivyo mrushaji wao mkuu Mahomes akapumzishwa na Carson Wentz wa akiba akaanza. Broncos, waliokuwa wanasaka nafasi ya saba, ya mwisho ya mchujo, wakashinda 38-0, na Bengals waliokuwa wakiingoja nafasi hiyo wakaaga. Lakini usidhani kila timu isiyo na cha kupoteza italegea: msimu wa 2022 Lions waliingia uwanjani kwa Packers wakiwa wameshatolewa na ushindi wa Seahawks, wakakamia mechi na kushinda 20-16, Packers nao wakakosa mchujo. Tangu 2010 mechi zote za wiki ya mwisho ni za wapinzani wa kanda moja, na chuki za kanda haziingii kwenye asilimia.

Kwa hiyo nashusha: nyota moja. Wiki ya 18 chukua karatasi. Anza na nani ameshajihakikishia nafasi yake, ukiikumbuka hasa nafasi ya kwanza, maana tangu 2020 ndiyo pekee inayompumzisha mtu raundi ya kwanza. Andika rekodi kwa asilimia ya ushindi, si kwa idadi ya ushindi. Msimu wa 2022 mechi ya Bills na Bengals ilifutwa baada ya Damar Hamlin wa Bills kuanguka uwanjani, na timu hizo mbili zikamaliza na mechi 16 badala ya 17. Pata vinara wa kanda nne kwanza, ndipo ushuke kwenye waildikadi, ukijaza nafasi moja moja na kuanza upya kila inapojazwa. Ukimaliza, rudia mechi zinazoigusa timu yako ukiziwekea sare.