Ukumbi wa harusi huku Ilazo, Dodoma: jikoni wako vizuri, bili ndo tatizo

Jumamosi tumemuozesha mdogo wangu kwenye ukumbi mmoja huku Ilazo, jina siliweki, ila naandika maana najua kuna kamati nyingi zinatafuta ukumbi saa hizi.

Chakula kilichelewa mpaka saa tatu na nusu usiku. Ila kilipokuja jamani, pilau ya moto inafuka moshi, nyama imeiva inaachia mfupa yenyewe, na mezani walishaweka zabibu zetu za hapahapa Dodoma, zimeoshwa bado zina matone ya maji, watoto walizimaliza hata MC hajashika maiki. Wahudumu wana adabu sana.

Sasa kwenye kusubiri kule ndo shemeji yangu, anaendesha malori mpaka Joburg, akasema Afrika Kusini wanaume wawili wanafunga ndoa kisheria tangu 2006. Mjomba akaja juu, eti ndo maana uchumi wa dunia unaharibika. Mimi ni mkristo, ndoa naijua ya mume na mke na Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inasema hivyohivyo, hapo sibishani na mtu. Ila la uchumi nilimwambia hapana mjomba, shikamoo yako lakini hapana. Uholanzi walianza 2001 na mpaka leo ni nchi tajiri, Marekani Mahakama ya Juu iliruhusu nchi nzima 2015 na watafiti wa Taasisi ya Williams pale chuo kikuu cha UCLA wakakadiria kwamba ndani ya miaka mitano harusi hizo zimeingiza dola bilioni 3.8 kwenye mzunguko. Na inaeleweka, mpishi kalipwa, mpiga picha kalipwa, wa keki kalipwa, mwenye viti kalipwa, hela ya harusi inazunguka vilevile. Tubishane kwa dini na mila, sawa, ni imani za watu, ila tusisingizie uchumi.

Kilichotuumiza sisi ni bili. Mkataba ulisema milioni moja na laki nane kila kitu ndani, saa sita usiku tunaondoka tunaambiwa kuna laki mbili ya jenereta, na umeme haukukatika hata dakika moja! Kaka yangu ndo mweka hazina wa kamati, alisimama pale mlangoni na daftari la michango mkononi, anapitisha kidole kwenye majina ya mama zetu wa vikoba waliotoa elfu ishirini ishirini, hajui atawaambia nini. Iliniuma sana. Tukalipa ili bibi harusi asisikie.

Kaka karudi Jumatatu hakumkuta meneja, karudi tena Jumatano wakamrudishia laki moja. Ukienda pale jenereta iandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa advansi, na kila hela dai risiti. Chakula nyota tano, ukumbi wenyewe nawapa mbili.