Kukadiria wageni wa sherehe: wastani au uigaji kwenye Excel?

Umealika watu 100, kila mmoja ana uwezekano wa 70% kufika. Kwa wastani unazidisha tu na kuagiza sahani 70. Ni rahisi mno, ila uwezekano wa chakula kupungua ni kama 46%.

Kwa uigaji, yaani kuiacha Excel ijaribu sherehe hiyo mara 1000 kwa kubahatisha nani anafika, andika =BINOM.INV(100,0.7,RAND()) kwenye A1, nakili hadi A1000, kisha kwingine =PERCENTILE(A1:A1000,0.95). Utapata 77 hivi, yaani sahani zinazotosha katika 95% ya majaribio. Upungufu hushuka hadi takriban mara 1 kati ya 20. Namba hubadilika kila ukihariri chochote, hivyo zibandike kama thamani.

Kosa linalouma ni kuwahesabu wanandoa mmoja mmoja, ilhali huja au hukosa pamoja. Wote wakiwa wawiliwawili, tumia =2*BINOM.INV(50,0.7,RAND()), jibu hupanda hadi 80. Chakula kikiweza kuongezwa papo hapo, wastani unatosha.