Pikipiki za kale za Uingereza: ipi ununue kwanza

Kwa anayetaka pikipiki ya kuhifadhi na bado aipande Jumapili, chaguo langu la kwanza ni Triumph Bonneville T120 ya 1968 hadi 1970. Injini ni ya silinda mbili, cc 649, breki ya mbele ni bora kuliko ya matoleo yaliyotangulia, na spea zake zinatengenezwa hadi leo.

Usidanganywe na kromu inayong'aa. Piga magoti usome namba: ya injini iko upande wa kushoto chini ya silinda, ya fremu imegongwa shingoni. Kiwandani kwa Triumph, Meriden, namba hizo mbili zilitoka zikifanana. Kuanzia 1969, namba ya injini iligongwa juu ya nembo ndogondogo za Triumph, ili aliyeifuta kwa tupa aumbuke. Ukikuta chuma cha 1969 au 1970 ni laini, hakina nembo, ondoka hata kama bei inavutia. Za 1971 na kuendelea hubeba oili ndani ya fremu, na kiti cha zile za mwanzo kiko juu. Mwenye miguu mifupi aijaribu kwanza.

Ya pili ni Norton Commando 850. Injini imefungwa kwenye raba, kwa hiyo mtetemo haukuchoshi, na kwa safari ndefu naipenda kuliko Bonneville. Ikikaa wiki kadhaa, oili hushuka kutoka tangini hadi chini ya injini, basi ikague kabla ya kupiga kiki. Stata ya umeme ya Mark III ya 1975 ni dhaifu.

Mwenye mfuko mdogo achukue BSA Bantam, iliyoigwa kutoka DKW ya Kijerumani. Ni nyepesi na fundi yeyote mvumilivu ataielewa.

Vincent Black Shadow, cc 998, naiweka ya nne kwa sababu ya bei tu.

Ya mwisho, na inaniuma kusema hivyo, ni BSA Gold Star DBD34. Naipenda mno, lakini wengi wamevalisha B33 za kawaida sura yake. Kagua fremu: bomba la chini upande wa kulia limepindwa kidogo kupisha pampu ya oili. Likiwa limenyooka, unauziwa B33.