Ramani ya ukutani ya elfu 15 pale Posta: karatasi safi, ila kule kusini wametuangusha

Nimeinunua wiki mbili zilizopita kwa wale wanaopanga vitabu chini pale Posta, jamaa alianzia 25 tukaelewana elfu 15. Imepigwa leminesheni vizuri, nimeibandika sebuleni huku Mbagala na joto lote hili haijajikunja, majina ya Afrika unayasoma ukiwa kwenye kochi. Hapo sina neno.

Shida ni Antaktika. Binti yangu yupo form three, kaniuliza baba hii barafu imekaa juu ya ardhi au inaelea, naangalia nakuta ukingo wote umechorwa mstari mmoja tu, ndani nyeupe nje bluu basi. Jamani kingo pale zipo mbili, kuna pale barafu inapoachia mwamba ikaanza kuelea na kuna pale inapoishia baharini, na katikati yake kuna kitu kama Ross, ukubwa unakaribia Ufaransa nzima na chote kinaelea. Hiyo inayoelea ikiyeyuka bahari haipandi kwa maana yoyote, weka barafu kwenye glasi ya juisi ya ukwaju uone, kazi yake kubwa ni kuizuia ile ya nchi kavu isimiminike, kama lori bovu kwenye foleni ya Kilwa Road, likivutwa pembeni tu waliokuwa nyuma wote wanachomoka.

Af kilichoniuma zaidi ramani imeandikwa 2019 lakini Larsen B, barafu nyingine ya kuelea kama Ross, bado ipo nzima! Ilivunjika 2002, kilomita za mraba kama 3,250, yani Unguja mbili, ndani ya mwezi mmoja hivi, na mito ya barafu ya nyuma yake ikaongeza mwendo. Thwaites, mto mkubwa wa barafu wa huko huko Antaktika, hata jina hakuna, na ndo ya kuogopa, upana kilomita 120, mwamba ilioukalia unazidi kushuka kadri unavyoingia bara, maji ya uvuguvugu yanaila kwa chini, kila ikirudi nyuma inakuta kina kirefu zaidi na barafu nene zaidi, inamwagika kwa kasi zaidi. Ikiisha yote bahari inapanda kama sentimita 65, mtu wa Kigamboni au Msimbazi hilo linamhusu.

Nimechukua maka pen nyekundu, tumekaa na binti jioni nzima na picha za setilaiti kwenye simu, tukauchora mstari wa pili wenyewe.

Afrika naipa 4 kati ya 5, kusini 1. Mwenye kujua inapouzwa yenye mistari yote miwili anitajie, hata kwa elfu 40 naifuata.