Nimeenda kusomea biashara nikaishia kuvishwa shanga za duka la watalii

Jamani naandika hii bado nina hasira, japo imepita kama mwezi hivi au na zaidi. Mi Mmasai wa Longido, nauza shanga Mwenge, nikachaguliwa kwenye mafunzo ya biashara na uongozi kwa jamii za asili, bure kabisa, nauli unarudishiwa, ukumbi upo Sinza, una AC ya kugandisha samaki. Waandaaji siwataji, wenyewe wanajijua.

Asubuhi tukapigwa somo la haki, slaidi juu ya slaidi, Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 la haki za watu wa asili, kifungu cha 31, kwamba mila na sanaa zetu ni mali yetu na sisi ndo wenye kauli. Nikapiga makofi kabisa. Tukala pilau. Saa nane kasoro anakuja dada mratibu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, ananikagua juu mpaka chini, mi nimejivalia dera langu. "We mama, mbona hujavaa Kimasai? Wafadhili wako njiani!" Nikamwambia mdogo wangu, nimekuja kusoma, sijaja kucheza ngoma. Akacheka, akafungua begi akatoa mashuka na mikufu.

Sasa hiyo mikufu. Ya plastiki, imeungwa ovyo, na kikaratasi cha bei bado kipo, elfu thelathini na tano! Yaani ukumbini tupo wauza shanga kumi na kitu, na hawakumuona hata mmoja wa kununua kwake. Kwenye mafunzo ya BIASHARA. Halafu akachukua mkufu wa mama mwenye ndoa akamvika binti hata kuolewa bado, tukatazamana tu sisi wamama. Na niseme ukweli, nilivaa. Nauli walikuwa hawajatoa bado, ningefanyaje.

Uongozi ndo usiseme, kaka mmoja anatupigia stori za tai na kuku saa nzima, watu tuna malaigwanani wetu wanaosimamia rika zima na kuamua kesi za ng'ombe, yeye anatufundisha kujiamini.

Kwa hiyo msiende. Ila ngoja, nisiwe mwongo, siku ya pili alikuja mama mmoja wa hesabu, mtu mzima, hana hata slaidi, ana chaki tu. Akaniita mbele na mkufu wangu mkubwa ninaouza elfu 25. Shanga za Kariakoo 11,000, uzi na ngozi 3,000, nauli na chai 3,000, meza na ushuru 2,000. Imebaki 6,000. "Umeushona siku ngapi mwanangu?" Tatu. "Basi mikono yako unailipa elfu mbili kwa siku." Ukumbi kimya. Miaka yote najua nina faida kumbe muuza maji wa stendi ananizidi! Nililia kidogo, sio siri. Akatuelekeza na jina la biashara linavyosajiliwa BRELA, na ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, kwamba tuunde kikundi. Kikundi tumeshaunda, tuko saba.

Sasa nikiulizwa nasemaje? Nendeni siku ya pili. Au nendeni zote ila mkiona begi linafunguliwa tokeni mkanunue vocha. Sijui, yule mama peke yake ananifanya nishindwe kuwatukana vizuri.

Juzi mratibu kanitumia meseji wasapu, "mama yetu", eti kuna awamu ya pili, wageni wanakuja, tuje tumependeza kiasili. Nikamjibu kistaarabu kabisa, shuka na seti nzima ya shanga halisi vinakodishwa kwa siku, na kuvivaa kwa ajili ya picha bei yake mbali, nikamchanganulia mstari kwa mstari kama mwalimu alivyoniandikia ubaoni. Tiki za bluu zipo tangu jana asubuhi. Kimya.