Stashahada ya radiografia: miaka mitatu, mashine moja

Nimemaliza stashahada ya radiografia, yaani kupiga picha za ndani ya mwili hospitalini, kwenye chuo kimoja cha binafsi, jina nalihifadhi. Wadogo zangu waliofaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha nne wananiuliza kama ada yao haitapotea.

Eksirei walitufundisha vizuri, hilo siwanyimi. Mwalimu wa vitendo alikuwa hacheki na mtu. Picha ya kifua: mgonjwa anasimama kifua kimegusa ubao wa kupokea picha, mashine iko nyuma yake, sentimita 180 kutoka kwenye ubao huo, mikono kiunoni, mabega mbele ili mifupa yake isifunike mapafu. "Vuta pumzi, bana!" Ukisahau kuweka ile herufi ya risasi inayoonyesha kulia au kushoto, unarudi mwisho wa foleni. Mpaka leo herufi zangu nazibeba mfukoni kama funguo za nyumba.

Ultrasaundi ndiyo iliyoniudhi. Wanafunzi 41, mashine moja, tena waya wake umezungushiwa plasta. MRI, ile mashine ya kupiga picha kwa sumaku, tuliiona kwenye ubao wa darasani tu, lakini ada tulilipa yote.

Kabla hujalipa, uliza mazoezi yanafanyika hospitali gani, na kama utapewa kipima mionzi cha kuvaa kifuani. Sisi tulikipata mwaka wa pili, baada ya kulalamika sana. Mwenye kidato cha sita cha sayansi na pointi zake aangalie shahada kwanza. Bugando, Mwanza, wanayo inayounganisha picha za kitabibu na tibamionzi, yaani kutibu saratani kwa mionzi. Ningekuwa na zile pointi, huku nisingekanyaga.