Hali ya Internet Explorer ndani ya Edge imeniepusha na kununua DVR nyingine

Kama una DVR ya zamani, yaani mashine inayorekodi picha za kamera za ulinzi, na umehamia Windows 11, huenda hili umeshakutana nalo. Unaandika anwani ya DVR kwenye Chrome, unaweka neno la siri, unaingia vizuri, halafu pale zinapotakiwa kuonekana picha za kamera panabaki peusi. Katikati kuna maneno yanayokutaka upakue programu ya nyongeza. Unapakua, unasakinisha, unafungua upya, maneno yaleyale yamerudi.

Mimi nasimamia duka la vifaa vya umeme mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Tulipobadilisha kompyuta ya kaunta, kamera zikagoma hivyohivyo. Kwenye simu tunaziona, ila mteja akirudi kudai hakupewa chenji, kipande cha rekodi nakitoa kwenye kompyuta. Fundi alikuja, akatazama, akasema, "Dada, hii DVR imeshapitwa, nunua nyingine." DVR inarekodi, diski yake ni nzima, kamera zote zinaonyesha. Sikukubali.

Tatizo halipo kwenye DVR. Kurasa za mashine nyingi za miaka ile zilitegemea ActiveX, teknolojia ya Microsoft ya mwaka 1996 inayofanya kazi ndani ya Internet Explorer. Kivinjari hicho kilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, na Windows 11 hukikuti. Lakini injini yake bado imo ndani ya Edge, kivinjari cha sasa cha Microsoft, na unaweza kuiamuru ifungue ukurasa mmoja tu kwa mtindo wa zamani.

Nilifungua Edge, nikaandika edge://settings/defaultBrowser kwenye sehemu ya anwani. Hapo nikaruhusu kurasa kufunguliwa kwa hali ya Internet Explorer, nikafunga kivinjari na kukifungua tena, kisha nikarudi palepale na kuiongeza anwani ya DVR kwenye orodha. Iandike kamili, pamoja na http:// ya mwanzo. Kama ukurasa wa kuingilia na ule wa picha vina anwani tofauti, ongeza zote mbili. Ukifanikiwa utaona alama ya ile "e" ya zamani pembeni ya anwani.

Picha zikigoma bado, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika inetcpl.cpl, kisha kwenye sehemu ya usalama iweke anwani ya DVR kati ya tovuti unazoziamini. Kwangu hapo ndipo programu ya nyongeza ilipokubali, na kamera zote zikatokea, mpaka ile ya stoo.

Maelekezo mengi ya zamani yanakwambia ubonyeze kitufe cha hali hii kwenye menyu ya Edge tu, basi. Kwa watumiaji wa kawaida njia hiyo Microsoft waliiondoa Oktoba 2025, baada ya kubainika wahalifu wanaitumia hali hii kuvamia kompyuta za watu. Naona walifanya vizuri. Na wewe usiongeze tovuti yoyote ya nje kwenye orodha hiyo, hata mtu akikubembeleza namna gani. Mimi nimeweka DVR peke yake, ambayo iko kwenye mtandao wa ndani wa duka.

Kinachosumbua ni kwamba kila ukurasa unaouongeza muda wake huisha baada ya siku 30, inabidi uuongeze upya. Nimeweka kikumbusho kwenye simu, maana siku ya kuhitaji rekodi huwa kuna mteja amesimama kaunta anasubiri.

Kwa kazi hii, hali ya Internet Explorer naipa alama za juu. Ni bure, na Microsoft wameahidi kuiendeleza angalau hadi mwaka 2029. Wenye kompyuta za Mac hawatanufaika, kwa sababu Edge ya huko haina hali hii. Na kama ukurasa wa mashine yako ulitumia Flash, programu nyingine ya zamani ya kuonyesha video, iliyozimwa tangu Januari 2021, hapo fundi atakuwa na haki ya kukwambia ununue nyingine.